Dawa Isiyotaka Chuma

Kama na wewe umepewa sindano ya kila siku, na nyumbani kwenu yuko mtu anayekupenda sana ambaye haitaki hiyo sindano, haya nimekuandikia wewe. Mimi si daktari. Niko kidato cha tatu, na darasani ni yule ambaye mwalimu akiuliza swali anainama chini ya dawati kana kwamba kuna kitu kimedondoka. Kuandika naweza. Kusema ndiyo shida yangu, na utaona ilitufikisha wapi.

Nimepona? Hapana, kisukari changu si cha kupona. Lakini niko hai, ninakula, ninakwenda shule. Aliyetoka nyumbani kwetu ni bibi, mama yake baba, na mpaka leo hajarudi.

Ilianza wakati wa mvua, mahindi yakiwa yamefika magotini. Nje kunanyesha kutwa nzima na mimi nina kiu. Nilikuwa nakunywa maji ya ndoo ya darasa mpaka wenzangu wanalalamika, halafu naomba ruhusa ya kutoka, narudi, naomba tena. Wavulana wa nyuma wakanipa jina la Bomba. "Bomba, leo hakuna mgao?" "Bomba, funga koki, unalowesha darasa!" Nilicheka nao ili waache. Hawakuacha. Sketi ilianza kuniteremka, nikaikunja kiunoni na kuibana kwa pini, nikavaa sweta juu yake hata jua likiwaka.

Baba alisema, "Anakua. Msichana akikua anajivuta." Mama akaninunulia dawa ya minyoo. Aliyeona ni bibi. Nataka ulijue hili mapema, kwa sababu baadaye watu walilisahau. Bibi alikuwa na nyumba yake ndogo ubavuni mwa yetu, na asubuhi moja alimwita baba nyuma ya nyumba, mahali nilipokuwa nakojoa mvua ikizidi na choo kikiwa mbali.

"Njoo uwaone hawa sisimizi."

"Sisimizi wa nini tena, mama?"

"Wamekuja kunywa mkojo wa mwanao. Kesho mpeleke hospitali. Na usinijibu."

Kwa hiyo ni bibi aliyenipeleka hospitali, ukifikiri vizuri.

Hospitali ya mjini Sumbawanga ina benchi refu la watu wa sukari, na siku ile ya kwanza lilikuwa limejaa wazee watupu. Mzee mmoja mwenye koti zito aliniuliza, "Umemsindikiza nani, mjukuu wangu?"

"Shikamoo. Nimekuja mwenyewe."

"Marahaba. Mwenyewe? Kwa huu ugonjwa wetu wa wazee?" Akatikisa kichwa. Kisha akasogea, akanipa pale mwisho wa benchi ambapo jua lilikuwa linaingia dirishani. Nilikuwa natetemeka kwa baridi, na hakuna mtu mwingine aliyeliona hilo.

Nesi wa kliniki anaitwa Tekla. Alinifundisha kuchoma sindano kwenye chungwa kwanza, halafu tumboni kwangu. "Hii si dawa ya mpaka upone," alisema. "Ni ya kila siku, kama chakula. Ukiacha, unaondoka." Mama alitoka nje kulia kwenye korido. Baba aliuliza maswali mengi kuhusu gharama za usafiri na hakuuliza hata moja kuhusu mimi. Nilijua ni hofu, baba akiogopa huwa anaanza kupiga hesabu.

Kijijini hatukuwa na friji. Aliyekuwa nalo ni Mama Zulfa, mwenye duka la barabarani, na alikubali kunitunzia insulini yangu katikati ya chupa za soda. Kila nilipokwenda kuchukua chupa mpya alikuwa anacheka, "Njoo umtoe mgonjwa wako, amelazwa na maadui zake." Nilipenda anavyosema vile. Nyumbani hakuna aliyekuwa akitania juu ya sindano.

Nyumbani kulikuwa na kimya. Asubuhi na jioni napandisha blauzi, nachoma, nashusha. Tumbo likawa na madoa ya bluu. Bibi akiniona nachukua sindano alikuwa anatoka nje, anajifanya anafukuza kuku. Siku moja aliniomba nimwoneshe yale madoa. Akayagusa moja moja kwa kidole, akanishushia blauzi.

Wageni ndio waliosema. Ukiwa na kisukari, kila anayekuja kukusalimia anakuja na mti wake. Huyu mshubiri, huyu majani ya mlonge, huyu unga wa mizizi aliouziwa mnadani na mtu mwenye kipaza sauti anayetibu sukari, presha na nguvu za kiume kwa chupa ileile. Mjomba wa jirani alikuwa na sukari, akanywa magome, sasa anakunywa hata chai ya sukari! Mama alikuwa anapokea kila kitu kwa mikono miwili na kukiweka juu ya kabati. Hakuna aliyetuambia kwamba sukari ya yule mjomba na sukari yangu ni ndugu wa jina tu.

Bibi hakuwahi kuamini vitu vya mnadani. Yeye alikuwa na mizizi yake. Watoto wa kijiji chetu wakikohoa au kuharisha waliletwa kwake, na hakuwa mganga wa ramli wala wa kutafuta nani kamloga nani. Hayo aliyachukia, Jumapili yuko kanisani benchi la mbele. Alikuwa anajua miti tu, kama mama yake na mama wa mama yake. Na ukoo wao ni wa watu waliokuwa wakiyeyusha chuma zamani, kwenye zile tanuru za udongo ambazo mabaki yake bado yapo huko vilimani. Kwao kulikuwa na mwiko: mzizi wa dawa hauchimbwi kwa jembe wala panga. Unachimbwa kwa kijiti, unatwangwa kwenye kinu cha mti, unachemshwa kwenye chungu. Chuma kilizaliwa kwa moto uliokula miti, bibi alisema, ndiyo maana mti ukikiona chuma unakasirika.

Akanipa dawa yake. Ilikuwa chungu kiasi kwamba baada ya kuinywa sikuweza kula. Hapo sindano nilikuwa bado nachoma, kipimo kilekile. Sasa fikiria mwenyewe: insulini imeingia, chakula hakijaingia, na mizizi ambayo hakuna anayejua inafanya nini imeingia pia. Nikiwa nachambua maharage na mama nikaanza kutetemeka, jasho likanitoka kama nimemwagiwa maji, maneno yakawa mazito mdomoni. Mama alinipa uji wa sukari kwa bahati tu, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu, nikarudi. Siku mbili mbele ikatokea tena.

Kliniki iliyofuata nesi Tekla alipima akasema, "Mbona imeshuka hivi? Unakula?"

"Nakula."

"Kuna dawa nyingine unatumia? Za kienyeji? Sikugombezi, nataka kujua tu."

Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Mama alikuwa ameangalia dirishani. Nikatikisa kichwa kwamba hakuna.

Tulirudi nyumbani na habari moja tu: sukari imeshuka. Baba alifurahi waziwazi. Lakini bibi alikuwa ameniona nikitetemeka, na alikuwa na maelezo yake, na kwa kweli yalikuwa na mantiki kuliko ya mtu yeyote pale ndani.

"Mti na chuma vinapigana ndani ya huyu mtoto," alisema. "Mnamwona anavyotokwa jasho? Ni vita. Kimoja lazima kitoke."

"Kipi?" mama aliuliza.

"Sukari imeshuka lini, kabla ya mzizi wangu au baada?"

Ilikuwa baada.

Baba alikuna kidevu. "Tujaribu siku chache. Tukiona mabaya, tunarudi kwenye sindano." Mama akasema, "Mnajua ninyi." Kisha wote wakanigeukia, na hii ndiyo sehemu ambayo sipendi kuikumbuka, kwa sababu waliniuliza. Kweli waliniuliza. Nikasema sawa. Nilikuwa nimechoka kuchoma ile sindano ya mchana chooni shuleni, nimechoka na madoa, na nilitaka bibi aache kutoka nje kufukuza kuku.

Basi chuma kikaondolewa. Hereni zangu zikavuliwa. Nikatolewa kwenye kitanda cha chuma nikalala kwenye mkeka. Kisu hakikukata mboga yangu, bibi aliichana kwa mkono. Baba akaona kama mchezo. Akaangalia juu akasema, "Na mabati je, mama? Niezue nyumba?"

"Mabati hayamgusi mtoto," bibi akamjibu. "Wewe ndiye ukae mbali, una meno ya chuma."

Tulicheka sana. Baba kweli ana jino moja la bandia. Nadhani ndiyo mara ya mwisho tulicheka wote wanne pamoja.

Mwanzoni nilijiona mzima. Sikutetemeka tena. Bibi alinipapasa tumbo akasema vita vimekwisha. Halafu kiu ikarudi, ile ya wakati wa mvua. Halafu nikaanza kutapika, na bibi akasema uchafu unatoka. Nilitaka kuamini. Kisha sikuweza hata kusimama, na nilikuwa navuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima mbio, nikiwa nimelala. Nakumbuka mama akinusa mdomo wangu akisema unanuka matunda yaliyooza.

Bibi naye akainama akanusa. Akainuka. Akasema kwa Kifipa, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba hii siyo kazi ya mti, mtafutieni gari. Ni yeye aliyekimbia barabarani peku kusimamisha kenta ya mume wa Mama Zulfa iliyokuwa imebeba mahindi kwenda mjini. Walinilaza juu ya magunia. Bibi alinishika kichwa njia nzima ili kisigonge.

Wodini sikumbuki mengi. Dripu, baridi, sauti ya kigari cha dawa. Nilipoanza kusikia vizuri nilikuwa bado siwezi kufungua macho, na nesi Tekla alikuwa anauliza mtoto alikuwa anakunywa nini, na nani aliyesimamisha sindano.

Baba akasema, mbele ya wagonjwa wote na wauguzaji wao, "Ni mama yangu huyu. Yeye na mizizi yake. Ameniulia mtoto."

Bibi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Mama hakusema kitu. Mimi mdomo wangu ulikuwa umekauka, ulimi umegandamana, na kwa siku ile najisamehe. Nisichojisamehe ni siku zilizofuata, nilipoweza kusema na bado nikawa kimya.

Nesi Tekla ndiye aliyemvuta bibi wakakaa kitandani pangu. "Bibi, mwili wa mtoto huyu hautengenezi kabisa ile dawa ya kwenye sindano. Kwa wazee wengine inatengenezwa kidogo, ndiyo maana mtu anakunywa magome na siku zinakwenda. Huyu hana. Bila sindano hana kitu. Laiti ungekuja kuniuliza, tungekaa tukaongea."

"Ningekuuliza nini, mwanangu?" bibi akasema. "Wewe ulikuwa na sindano, mimi nilikuwa na mti. Hakuna aliyetukutanisha."

Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kwa wote wawili.

Tuliporudi nyumbani nyumba ndogo ilikuwa imefungwa. Bibi alikuwa amekwenda Namanyere, kwa shangazi, bila kuaga. Kinu chake aliking'oa, akakiacha kimelala kwenye kuni. Baba alisema, "Ameenda kupumzika," na hakuna aliyeuliza kwa nini mtu anapumzika na sanduku lake lote.

Kipupwe kilikuwa kikali mwaka ule. Nilikaa nyumbani wiki nyingi, macho yana ukungu, siwezi kusoma ubao hata nikikaa mbele, nywele zinakatika kwenye kitana. Mtihani wa kidato cha pili ukanipita, nikarudia mwaka na wale wa darasa la nyuma yangu. Walivuna ulezi bila bibi, na mama akipepeta alikuwa anasimama katikati anaangalia upande wa nyumba ndogo, kisha anaendelea. Sindano nilirudi nayo. Sasa nachoma darasani, nyuma ya mlango, na lile jina la Bomba limeisha lenyewe. Mvulana aliyelianzisha, ambaye sasa amenitangulia darasa, ndiye anayenibebea soda wakati wa michezo. Nikitetemeka ananifungulia bila kuuliza. "Kunywa, mshikaji, usituzimikie."

Kwa hiyo kama unakunywa mti wowote, mwambie anayekupa sindano. Hata kama kuna foleni. Hata kama mama anaangalia dirishani. Sijui mizizi ya bibi inafanya nini, na nesi Tekla aliniambia hata yeye hajui, na kwamba kutojua huko ndiko kunakomtisha. Ukitetemeka na kutoka jasho, kula kitu cha sukari hapohapo, hiyo si vita ya mti na chuma. Na sindano usiiache hata kwa siku moja, hata ukijiona mzima, hata akuombe mtu unayempenda kuliko wote. Hayo ndiyo ninayoyajua.

Na mengine ni haya. Likizo ya Desemba nilimwomba mama nauli nikapanda basi kwenda Namanyere. Bibi alikuwa uani kwa shangazi, amepungua. Alifurahi, alinishika uso, akanitazama macho kwa zamu. Tulipokuwa tumekaa akaja mama mmoja na mtoto anakohoa, akasema ameelekezwa kwamba hapa kuna bibi anayejua dawa ya kifua.

"Mpeleke zahanati," bibi akasema.

"Ni kikohozi tu, bibi."

"Zahanati."

Yule mama akaondoka akinung'unika. Mchana chakula kilipoiva bibi hakunipakulia. Alimwita shangazi kutoka ndani. "Njoo umpe mtoto chakula." Sufuria lilikuwa mbele yake, mwiko uko mkononi mwake. Niliomba maji, akamwita shangazi tena. Shangazi alinitazama kwa namna ya kusema, ndivyo alivyo siku hizi.

Usiniulize kwa nini sikusema pale pale. Nilikula chakula chote, nikaosha sahani. Nilipokuwa naondoka ndipo nikasema, haraka haraka kama mtu anayejibu swali asilolijua, "Bibi, tulikubali wote. Hata mimi. Rudi nyumbani."

Akanifunga vizuri kitenge nilichojitanda. "Najua mlikubali. Lakini wewe siye uliyenifukuza."

Nilirudi na hilo neno mpaka shambani, baba alikokuwa anapalilia. Nilimweleza yote: mtoto wa kikohozi, mwiko, maji. Nikasema, "Baba, ulisema ameniua, na ulikubali na wewe." Sijawahi kumwambia baba sentensi ndefu hivyo. Aliendelea kulima mpaka mwisho wa tuta, nikadhani atanipiga. Hakunipiga. Alisimama huko mwisho, amenipa mgongo, kwa muda mrefu.

Wiki iliyofuata akaenda Namanyere na gunia la mahindi. Mama alimpigia pasi shati. Tulingoja. Alirudi jioni peke yake, na tulipomuuliza alisema walisalimiana, wakaongea kuhusu mbolea na bei ya mahindi, wakala, akaondoka.

"Hukumwambia?" mama akauliza.

"Nimempelekea gunia zima," baba akasema. Nikajua kwamba neno lenyewe hakulipeleka.

Ila alikuwa na kifuko kutoka kwa bibi. Ulezi, umepepetwa mpaka hauna hata punje ya mchanga. Na maagizo: nisiuguse kwanza, niupeleke kwa yule nesi aangalie kama naruhusiwa.

Siku ya kliniki niliupeleka. Nilipofika mbele niliweka kifuko mezani, na foleni ilikuwa nyuma yangu, na nikasema kwa sauti, "Bibi yangu anauliza kama naweza kula huu."

Nesi Tekla alichota kwenye kiganja, akaunusa, akautazama kama vile ni kipimo cha maabara. "Uji wake unaruhusiwa. Kikombe kimoja, bila kuongeza sukari, na sindano yako kama kawaida. Huu nao una sukari yake, usije ukadhani ni dawa. Mwambie bibi nimeangalia mwenyewe."

Nikiwa bado pale kwenye benchi nilimpigia shangazi, nikamwomba ampe bibi simu. Nikamwambia yote kama yalivyo, kikombe kimoja, bila sukari, nesi ameangalia mwenyewe.

"Kikombe kikubwa au kidogo?" bibi akauliza.

Sikuwa nimeuliza.

"Basi usinywe kwanza," bibi akasema, "mpaka umuulize." Akakata simu. Nikainuka, nikaenda kushika foleni tena.